Nani Ataupokea Wimbo wa Mfungwa?

Jioni ya tarehe 27 Desemba 1943, wanawake wapatao 30 walikusanyika ndani ya kambi ya wafungwa huko Palembang, katika kisiwa cha Sumatra, kila mmoja na kigoda chake na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Waliimba wameketi, kwa kuwa njaa ilikwisha kuwaondolea nguvu za kusimama muda mrefu. Walikuwa Waholanzi, Waingereza na Waaustralia walionaswa na jeshi la Japani baada ya Singapore kuanguka mwaka 1942: wauguzi, walimu, watawa, mama na binti zao. Mbele yao alisimama Norah Chambers, aliyesomea muziki London. Hapakuwa na fidla, filimbi wala ngoma. Alipoinua mikono, sauti zao zikaanza kutoa, bila maneno yoyote, ile sehemu ya polepole ya simfonia ya Dvořák iitwayo Kutoka Dunia Mpya.

Mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku. Manusura wa kambi hiyo wamesimulia kwamba mlinzi alikuja juu akifoka, akafika karibu, akanyamaza, akasimama kusikiliza mpaka mwisho.

Nota zile zilitoka kichwani mwa Margaret Dryburgh, mmisionari na mwalimu wa Kipresbiteri. Alizikumbuka kazi za piano na za okestra alizowahi kuzicheza au kuzisikia, akaziandika upya kwa ajili ya sauti nne za wanawake. Kutotumia maneno kulikuwa na faida yake. Waholanzi na Waingereza walilala katika mabanda tofauti, wakanung'unikiana juu ya chakula na maji, na hawakuwa na lugha moja. Maneno yangewagawa. Mvumo wa sauti ulikuwa mali ya kila aliyekuwapo, na waliotoka mazoezini walirudi kwenye foleni ya maji wakiwa wanajuana.

Wimbo haukuwaponya. Katika miaka miwili iliyofuata walihamishwa kambi zaidi ya mara moja, na karibu nusu ya waimbaji walikufa kwa maradhi na njaa. Kufikia mwaka 1945 hapakuwa na sauti za kutosha kuendelea. Dryburgh mwenyewe alifariki Aprili mwaka huo, miezi michache tu kabla ya vita kwisha. Mwimbaji mmoja aliyeokoka alitoka na nakala za nota, na katika miaka ya 1980 kwaya ya wanawake huko California ikaziimba hadharani, miaka 40 baada ya usiku ule.

Kisa hiki kinazua swali zito. Mtu ana haki gani ya kuimba mahali ambapo aliyelala kando yake anakufa? Nguvu kidogo iliyobaki mwilini, je, haikustahili kutumika kutafuta mboga pori, kuchota maji, kumgeuza mgonjwa? Na mtu anayetunga, anayechora au anayeimba katikati ya balaa, anatumaini nini hasa?

Swali hilo ni la kale. Zaburi ya 137 inawakumbuka Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli, ambao walivitundika vinubi vyao mitini kwa kuona kwamba haiwezekani kumwimbia Mungu wao ugenini, tena mbele ya waliowateka. Huzuni yao inaeleweka. Ila huko kukataa kuimba walikotangaza kumetufikia kwa njia ya wimbo. Mtu fulani alikitwaa tena kinubi, akaitungia wimbo huzuni ya kutoweza kuimba, na watu wakaupokea. Mwaka 1970 kundi la Melodians la Jamaica lilifanya zaburi hiyo kuwa wimbo wa Kirasta, na mwaka 1978 Boney M wakauvumisha duniani kote. Wapo watu wa Mombasa na Dar es Salaam waliokua wakiusikia redioni bila kujua kwamba maneno yake ni ya uhamisho uliotokea zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Mwanafalsafa Mjerumani Theodor Adorno aliliuliza swali hilohilo kwa ukali zaidi. Katika insha aliyoitoa mwaka 1951 alidai kuwa kutunga mashairi baada ya Auschwitz ni ushenzi. Alihofia kwamba uzuri ungefunika maiti, kwamba msomaji angepata burudani mahali alipopaswa kupata aibu. Mwaka 1966 aliilegeza kauli yake, akakiri kwamba mateso yanayoendelea yana haki ya kusemwa, kama vile anayeteswa alivyo na haki ya kupiga yowe. Tofauti kati ya kauli hizo mbili ina uzito. Katika ile ya kwanza alimwazia msomaji aliyeshiba, anayejipamba kwa maumivu ya wengine. Katika ya pili alimsikiliza anayeumia.

Afrika Mashariki imelijibu swali hili kwa vitendo muda mrefu. Penye msiba, pwani na bara, hakuna anayengoja machozi yakauke ndipo sauti zitoke. Waislamu hukaa pamoja wakasoma khitma. Wakristo hukesha na kwaya mpaka alfajiri. Akina mama hupika kwa masufuria makubwa na kupokezana zamu. Na mara nyingi wimbo wa msiba hauanzishwi na mfiwa. Huanzishwa na waliokuja. Mfiwa anaweza kukaa kimya usiku kucha, na hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa wenzake wanaubeba wimbo kwa niaba yake mpaka atakapoweza kuitikia.

Mwanafalsafa Gabriel Marcel alifika karibu na hapo kwa njia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya Msalaba Mwekundu nchini Ufaransa, akitafuta habari za wanajeshi waliopotea na kuzikabili familia zilizokuja kuuliza. Kila aliyefika mezani kwake alikuwa na jina la mtu. Mwezi Februari 1942, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani na wengi wa vijana wake wakiwa mateka, Marcel alitoa mhadhara juu ya tumaini. Alilitenga na matarajio mema ya kawaida. Anayetarajia mema hukaa pembeni na kukadiria kwamba mambo yatakwenda vizuri. Anayetumaini yumo ndani ya jaribu, hana makadirio yoyote, ila anamtegemea mwingine, na analolitegemea halimhusu yeye peke yake. Kwa Marcel, mtu hawezi kutumaini akiwa amejifungia mwenyewe.

Ndani ya Kurani, Nabii Yaakub anafunga pamoja kutumaini na kuwaendea wengine. Amempoteza mwanawe Yusuf kwa miaka mingi na macho yake yamepofuka kwa huzuni. Anapowakataza wanawe kukata tamaa na rehema ya Mungu, amri inayotangulia katazo hilo ni kwamba waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Kutumaini kwake kuna safari ndani yake, na safari hiyo ni ya watu wengi.

Hoja hii ina mtihani mmoja mgumu: mtu aliyefungwa peke yake. Kwaya ya Palembang ilikuwa na watu wapatao 30, na msiba una majirani. Je, aliye katika chumba cha peke yake anaimba na nani?

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, aliandika kijikaratasi cha siasa kilichoitwa "Kenya: Twendapi?", akihoji mwelekeo wa serikali ya KANU na kukitetea chama cha upinzani cha KPU. Alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Katika gereza la Kamiti alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakatoroshwa hadi nje. Mwaka 1973, baada ya kutoka, yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga.

Kwa muda mwingi Abdilatif hakuwa na msikilizaji mle ndani, lakini mashairi yake yamejaa watu. Lipo shairi la mnazi, ambalo ni majibizano ya wawili wanaougombea mti mmoja, kila mmoja akipewa zamu ya kujitetea. Lipo la mamba, onyo kwa mwenye nguvu anayejiona hatashindwa. Lipo analosisitiza kwamba msimamo wake ni uleule. Mtunzi aliyezungukwa na kuta alijiundia baraza: mpinzani wa kumjibu, mkubwa wa kumwonya, marafiki wa kuwahakikishia. Alitunga kwa vina na mizani vya pwani alivyorithi kwa wakubwa wake, na hilo nalo lilikuwa namna ya kuwa na wenzake. Anayetunga kwa kanuni za jadi anatumia kifaa ambacho waliomtangulia walikinoa. Isitoshe, ubeti wenye vina hukaa kichwani. Karatasi ikikamatwa, shairi linabaki.

Mwishoni mwa Desemba 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliingizwa Kamiti hiyohiyo, kizuizini bila kushitakiwa, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Naye aliandika juu ya karatasi za chooni, riwaya ya Kikuyu iitwayo Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980. Baadaye alisimulia jinsi ilivyopokewa. Familia zilikusanyika jioni, mmoja akiwasomea wengine. Katika baa alikuwapo mteja aliyesoma kwa sauti, na alipofika penye utamu na glasi yake ikawa tupu, alikiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamwagizie nyingine. Kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekatazwa watu kikapata watu ambao vitabu vyake vilivyotangulia, vilivyowategemea wasomi, havikuwafikia.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate hakuwa mfungwa, ila ugonjwa ulimfungia ndani. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana kwa miaka na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima, msichana wa miaka kama 17, utenzi wa beti 102 wa kumwusia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Wasomaji wa leo hubishana kuhusu usia wake kwa mke, na wana haki ya kubishana. Mwendo wa utenzi wenyewe nao unastahili kuangaliwa. Unaanza kwa mama kumwita binti akae karibu na wino na karatasi. Unasonga hadi dua: anamwomba Mungu afya, anawaombea watoto wake na jamaa zake. Karibu na mwisho mwaliko unapanuka, na wanaoitwa kusoma ni wanawake wote. Mgonjwa aliyeanza na mtoto mmoja kando ya kitanda anamaliza akizungumza na umma. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini wanawake wa Lamu na visiwa vya jirani waliuhifadhi utenzi kwa moyo na kwa nakala za hati ya Kiarabu, kizazi baada ya kizazi.

Kwa visa hivi, tumaini la mtunzi aliye katika dhiki linaanza kuonekana lilivyo. Si lazima ategemee kufunguliwa au kupona. Mwana Kupona hakupona, na Dryburgh hakutoka. Anachokitegemea ni kwamba yuko mtu upande wa pili. Kila anayechagua neno moja badala ya jingine, au anayerudia noti mpaka ikae sawa, anamfanyia kazi hiyo mtu atakayetambua tofauti. Anayekata tamaa kabisa hana haja ya kusahihisha. Kwa hiyo jamii haiji baada ya kazi ya sanaa kama tuzo ya kuikamilisha. Ilikwishakuwamo tangu mtunzi alipofuta mstari wa kwanza akauandika upya.

Mjini Kinshasa jambo hilo lina sura ya okestra nzima. Mwaka 1921 wakoloni wa Kibelgiji walimkamata mhubiri Simon Kimbangu, wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, mbali na kwao, akafia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Wafuasi wake walihamishwa na kutawanywa, na katika kutawanyika huko waliimba. Waumini wa Kanisa la Kimbangu huziamini nyimbo zao kuwa zimepokewa kwa ufunuo. Mwaka 1994, Zaire ikiporomoka kiuchumi, mjukuu wa Kimbangu, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya simfonia ya kanisa hilo. Wengi waliojiunga hawakuwa wamewahi kushika ala. Fidla zilikuwa chache mno, kwa hiyo walipokezana: mmoja akifanya mazoezi, wengine wakisubiri zamu. Nyuzi zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Ala nyingine walizichunguza jinsi zilivyoundwa, wakatengeneza zao.

Leo okestra hiyo ina makumi ya wapigaji na kwaya kubwa: wachuuzi, mafundi umeme, vinyozi, wauza dawa. Imepiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 ilionyesha dunia umeme ukikatika katikati ya mazoezi na muziki ukiendelea gizani. Uhaba wa ala uliwafundisha jambo ambalo wanafunzi wenye fidla zao wenyewe hulipata kwa shida: maendeleo ya mmoja yalitegemea subira ya mwenzake.

Ukweli unadai upande wa pili nao usemwe. Sanaa katika dhiki inaweza kutekwa. Katika kambi ya Terezín, karibu na Prague, watoto wa Kiyahudi waliicheza opera ya Brundibár ya Hans Krása mara 55. Tarehe 23 Juni 1944 Wanazi waliipamba kambi hiyo, wakawaleta wajumbe wa Msalaba Mwekundu, wakawaonyesha watoto wakiimba. Wajumbe waliondoka wameridhika, na ripoti yao ikawa nzuri. Kufikia mwisho wa Oktoba Krása alikuwa ameuawa Auschwitz, pamoja na wengi wa watoto wale. Wimbo uleule uliowaunganisha watoto jioni baada ya jioni ulitumika mchana mmoja kufunika mauaji yao. Tofauti ilikuwa kwa waliokaa kwenye viti. Wafungwa wenzao walijua walichokuwa wakisikia. Wajumbe walitazama onyesho, wakashindwa kuwaona waliolionyesha.

Katika kambi hiyohiyo mchoraji Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora. Kabla ya kupelekwa Auschwitz, ambako aliuawa Oktoba 1944, aliacha michoro yao zaidi ya 4,000 katika masanduku yaliyofichwa. Ilipatikana, na leo inatunzwa Prague. Mingi ya michoro hiyo ina majina ya watoto, kwa sababu aliwahimiza watie sahihi kazi zao.

Na yale yaliyopotea? Ziko kambi ambazo hazikuacha mtu wala sanduku, na magereza ambayo karatasi zake zilichomwa. Kama tumaini la mtunzi ni kumtarajia mpokeaji, je, waliotunga bila kupokewa walidanganyika?

Hapa mwenye imani na asiye na imani wanaachana. Mwislamu humwita Mungu Mwenye kusikia. Mtunga zaburi humsihi tena na tena atege sikio. Kwao hakuna sauti iliyotoka moyoni ikakosa wa kuipokea, na mashairi yaliyoteketea yamehifadhiwa pasipofika moto. Asiyeamini hana hifadhi hiyo. Anaweza kusema tu kwamba aliyetunga bila kusikilizwa alimtendea binadamu heshima kwa kumwona kuwa anastahili kuandikiwa, na kwamba kosa, kama lipo, ni la ambao hawakufika. Majibu hayo hayalingani, na haifai kuyapaka rangi moja. Yanakutana mahali pamoja: yote mawili yanaliondoa deni kwa mtunzi na kulipeleka kwa msikilizaji.

Deni hilo halikuisha na vita vya jana. Tangu mwaka 1996 Wakongo waliokimbia vita vya Kivu wamekuwa wakiishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na Warundi wakaongezeka kuanzia mwaka 2015. Wapo vijana waliozaliwa humo na kuwa watu wazima humo. Kwaya zao zinatunga na kuimba kwa Kiswahili, lugha inayoeleweka Kasulu, Kigoma mjini, Bujumbura, Bukavu na Nairobi bila mkalimani. Mashirika ya misaada huhesabu mahema, dawa na kilo za unga, na lazima yahesabu. Makanisa na misikiti ya mikoa jirani, vituo vya redio, walimu wa muziki na wachapishaji wana kazi nyingine wanayoweza kuianza bila kungoja mkutano wa wafadhili: kupeleka madaftari na ala, kurekodi nyimbo hizo na kuzitaja kwa majina ya watunzi wake, kuzialika kwaya hizo pale sheria za kambi zinaporuhusu na kuzifuata kambini pale zisiporuhusu. Waimbaji wamekwisha kufanya sehemu yao. Wametunga kwa lugha ambayo majirani wote wa kambi wanaielewa.